Singapore hadi New York: kilomita 15,349, lakini ni saa ngapi?

Chukua tiketi ya ndege kutoka Singapore kwenda New York mwezi wa Julai. Imeandikwa kuondoka 12:00, kufika 18:40, tarehe ile ile. (Saa hizo ni za mfano, ila haziko mbali na ratiba halisi.) Mtu mwenye haraka atatoa moja kwa nyingine na kupata saa sita na dakika arobaini. Akifungua kikokotoo cha mtandaoni, ataambiwa umbali ni kilomita 15,349 na muda ni saa 17 na ushei. Akipanda ndege yenyewe, atakaa humo saa 18 na dakika 40, na skrini iliyo mbele ya kiti chake inaweza kumwonyesha kwamba wamekata zaidi ya kilomita 16,000. Safari ni moja, majibu ya muda ni matatu, ya umbali ni mawili, na hakuna hata moja lililodanganya.

Sehemu ya mkanganyiko iko kwenye swali lenyewe. Kwa Kiswahili, “saa ngapi” huuliza mambo mawili kwa pumzi moja: safari inachukua muda gani, na utafika wakati gani. Kwenye safari fupi mambo hayo hutembea pamoja, ukijua moja umejua la pili. Kwenye safari inayozunguka karibu nusu ya dunia huachana kabisa. Kwa hiyo tuanze na kile kisichobadilika.

Kamba juu ya tufe

Umbali kati ya viwanja viwili hupimwa juu ya uso wa dunia, wala haupimwi kwa rula kwenye ramani. Ukiwa na tufe la dunia, shika kamba, weka ncha moja Singapore na nyingine New York, kisha ivute hadi ikaze. Njia inayofuatwa na kamba hiyo ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Hakuna njia fupi zaidi ya hiyo, labda uchimbe handaki.

Kwa viwanja hivi viwili hesabu ina bahati ya kuwa nyepesi, hata huhitaji trigonometria. Kiwanja cha Changi kiko nyuzi 1.4 kaskazini ya Ikweta, longitudo 104 mashariki. Kiwanja cha John F. Kennedy kiko nyuzi 40.6 kaskazini, longitudo 73.8 magharibi. Jumlisha longitudo hizo mbili, unapata 177.8. Nusu ya mzunguko wa dunia ni 180, kwa hiyo New York iko karibu nyuma kabisa ya Singapore, upande wa pili wa Ncha ya Kaskazini. Njia fupi basi ni kupanda moja kwa moja hadi nchani na kuteremka upande wa pili: nyuzi 88.6 za kupanda, nyuzi 49.4 za kushuka, jumla 138. Kila nyuzi moja ya duara kuu ni takriban kilomita 111.2. Zidisha, unapata kilomita 15,346.

Zile kilomita tatu zinazopungua zinatokana na dunia kutokuwa mpira kamili. Kutoka kitovuni hadi Ikweta ni kilomita 6,378, lakini hadi nchani ni 6,357, na vikokotoo makini huzingatia ubapa huo.

Anayetazama ramani ya ukutani hawezi kuiona njia hii, kwa sababu kwenye ramani ya Mercator Ncha ya Kaskazini haipo kabisa. Tusimlaumu Mercator. Mwaka 1569 aliichora kwa ajili ya manahodha waliotaka mwelekeo mmoja wa dira uonekane kama mstari mnyoofu, na kazi hiyo ramani yake inaifanya vizuri. Ila kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini ndivyo inavyozidi kuvimbisha vitu, hata Greenland inaonekana kulingana na Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Ndiyo maana njia ya ndege kwenye ramani hiyo hupinda kama upinde, na abiria hudhani rubani anazunguka bure. Madrid na New York ziko karibu latitudo moja. Ukitoka moja kwenda nyingine kwa kufuata mstari huo wa latitudo, unaoonekana mnyoofu ramanini, utasafiri kama kilomita 5,940. Ukipinda kuelekea kaskazini, 5,770. Kadiri unavyosogea karibu na ncha tofauti huwa kubwa zaidi: sehemu mbili zilizo latitudo 60, zikitazamana pande mbili za dunia, zimeachana kilomita 10,000 kwa kufuata latitudo na 6,670 tu kwa kupita nchani.

Jambo dogo la vipimo, kwa sababu limewapotosha wengi: vikokotoo hutoa kilomita, maili, na maili za baharini. Maili ya baharini ni mita 1,852, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1929, na marubani wanaipenda kwa kuwa inakaribia sana dakika moja ya latitudo. Singapore hadi New York ni maili 9,537 za kawaida, au 8,288 za baharini. Ukiona tarakimu mbili zinapishana kiasi hicho, angalia kwanza ni maili ipi.

Njia ambayo ndege haipiti

Hadi hapo tumepata umbali. Tatizo ni kwamba ndege nyingi haziifuati njia hiyo. Singapore Airlines ilipozindua upya safari ya Newark, kiwanja jirani cha New York, Oktoba 2018, ilitaja safari ya kama kilomita 16,700. Duara kuu kati ya viwanja hivyo ni kilomita 15,344. Zaidi ya kilomita elfu moja na mia tatu zimeongezwa kwa hiari, kwa kupitia juu ya Pasifiki ya kaskazini badala ya kukwea hadi nchani.

Sababu kubwa ni upepo, nayo nitaifikia. Lakini kuna nyingine zinazohusu ardhi iliyo chini. Anga ina wenyewe. Urusi ilipoyafungia mashirika ya Ulaya anga yake Februari 2022, baada ya Ulaya kuyafungia ya Urusi, safari ya Finnair kutoka Helsinki kwenda Tokyo, iliyokuwa ikichukua kati ya saa tisa na nusu na kumi, ilirefuka hadi takriban saa 13. Helsinki na Tokyo hazikusogea hata mita moja. Waliosafiri kati ya Ulaya na Japani zama za Umoja wa Kisovyeti waliyajua hayo: ndege zao zilipitia Anchorage, Alaska, kujaza mafuta, kwa sababu njia fupi ya Siberia ilikuwa imefungwa kwa wengi.

Halafu kuna kanuni ya injini. Ndege ya injini mbili haipaswi kuwa mbali na kiwanja cha kukimbilia kuliko muda uliowekwa, ukipimwa kwa ndege kuruka kwa injini moja. Kwa miaka mingi nchini Marekani kikomo kilikuwa dakika 60, hivyo ndege za aina hiyo zililazimika kuambaa kandokando ya nchi kavu huku zile za injini tatu na nne zikikata bahari. Mwaka 1985 dakika 120 zikaanza kuruhusiwa kwa ndege zilizothibitisha uimara wa injini zake, na mwaka 2014 Airbus A350 iliidhinishwa hadi dakika 370. Ruhusa hiyo ya karatasi imefupisha safari nyingi za baharini kuliko injini yoyote yenye kasi.

Pepo za tezi na pepo za omo

Ndege kubwa ya abiria huruka kwa kasi ya kama asilimia 85 ya kasi ya sauti. Katika kimo cha kilomita 11, ambako hewa ni baridi sana, hiyo ni takriban kilomita 900 kwa saa. Lakini hiyo ni kasi yake ndani ya hewa. Hewa yenyewe nayo inakwenda.

Mabaharia wa majahazi walikuwa na maneno yao: pepo za tezi ni zile zinazokisukuma chombo kutoka nyuma, pepo za omo ni zile zinazokikabili usoni. Angani maneno hayo yanafaa vilevile. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo ya upepo mwembamba wenye kasi kubwa inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa kilomita 100 hadi 200 kwa saa, na wakati wa baridi kali hata kupita 300. Mmoja wa waliouona mapema ni Mjapani Wasaburo Oishi, aliyerusha maputo kutoka kituo cha Tateno katika miaka ya 1920 na kuyafuatilia yakipeperushwa. Mwaka 1926 aliandika ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumike na mataifa yote, akitumaini dunia nzima itaisoma. Dunia haikusoma. Karibu miaka ishirini baadaye, marubani wa Marekani wa vita vya pili walishangaa kuona ndege zao juu ya Japani zikienda kasi ambayo injini zisingeweza kuizalisha.

Sasa angalia upepo unavyofanya hesabu. Tuseme umbali ni kilomita 9,000 na ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa. Bila upepo, saa 10. Ukipata upepo wa tezi wa kilomita 100, kasi juu ya ardhi inakuwa 1,000 na safari inakuwa saa 9. Umeokoa saa moja. Ukirudi na upepo ule ule sasa ukiwa wa omo, kasi ni 800 na safari ni saa 11 na robo. Umepoteza saa moja na robo. Upepo haulipi kile unachochukua, kwa sababu unapokupinga unakaa nao kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana kwenda na kurudi, ukijumlisha, daima huzidi mara mbili ya muda unaotajwa kwa hali ya hewa tulivu.

London na New York zinaonyesha hili kila siku: kwenda magharibi ratiba huandika takriban saa nane, kurudi mashariki takriban saba. Usiku wa Februari 8 kuamkia 9, mwaka 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ikikaribia Uingereza, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, ikifikia kilomita 1,327 kwa saa juu ya ardhi. Tarakimu hiyo inapita kasi ya sauti, lakini hakukuwa na mshindo wowote, kwa sababu ndani ya hewa iliyoibeba, ndege ilikuwa ikienda mwendo wake wa kawaida. Aliye kwenye mtumbwi mtoni hapigi kasia haraka zaidi ati kwa sababu mto unakwenda kasi.

Hapa kuna dhana inayosambaa sana nami nataka kuikata: kwamba safari ya kwenda mashariki na ya kwenda magharibi hutofautiana kwa kuwa dunia inazunguka chini ya ndege. Dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa pale Ikweta. Dhana hiyo ingekuwa kweli, ndege inayoelekea mashariki kwa kilomita 900 isingefika kamwe. Ardhi ingekuwa inaikimbia. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Mchango wa mzunguko ni wa kupitia mlango wa nyuma: joto la tropiki na baridi ya ncha huisukuma hewa kuelekea nchani, na mzunguko wa dunia huipinda iwe upepo wa kutoka magharibi. Tofauti ya joto ikizidi, yaani msimu wa baridi, upepo nao huzidi.

Sasa zile kilomita 1,300 za ziada zinaeleweka. Kwenda New York kutoka Singapore kwa njia ya Pasifiki ni kuudandia upepo wa tezi kwa maelfu ya kilomita. Kurudi, rubani na wapanga njia hutazama utabiri wa siku hiyo. Kwa kuwa miji hii imeachana karibu nusu ya dunia, kuna siku ndege kutoka New York huelekea mashariki, ikivuka Atlantiki na kupita juu ya Ulaya, huku mkondo ukiisukuma upande huo pia. Inawezekana, basi, kwenda kwa kuelekea mashariki na kurudi kwa kuelekea mashariki, ukaizunguka dunia nzima kwa tiketi ya kwenda na kurudi.

Kutoka langoni hadi langoni

Muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi ndege inapopaa. Unaanza inapoondoka langoni na kuisha inapoegeshwa langoni upande wa pili. Ndani yake mna kujikokota hadi njia ya kurukia, foleni ya kusubiri zamu, na wakati mwingine kuzungushwa angani kabla ya kutua. Mashirika huongeza pia dakika kadhaa za akiba ili ndege isionekane imechelewa. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kwamba mmefika dakika ishirini mapema, baada ya kuondoka dakika kumi baadaye. Vikokotoo vingi havijui lolote kuhusu hayo. Huchukua umbali wa duara kuu, huugawa kwa kasi moja, basi.

Ukitaka makadirio yako mwenyewe, gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Kwa 15,349 unapata saa 18 na nusu, karibu kabisa na tiketi. Kwa London na New York, ambazo zimeachana kama kilomita 5,550, unapata kama saa saba, uelekee upande wowote, kwa kuwa fomula haijui upepo. Kwa safari fupi chini ya kilomita elfu moja fomula hii haina maana. Huko foleni ya ardhini ni kubwa kuliko safari.

Mbona hawaongezi kasi? Walijaribu. Februari 7, 1996, Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ilitoka New York hadi London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59. Mwaka 2003 ilistaafishwa. Ndege inapokaribia kasi ya sauti ukinzani wa hewa hupanda ghafla, na mafuta hupanda nao, kwa hiyo asilimia 85 ni mapatano kati ya saa na mafuta.

Mafuta ndiyo yanayoamua pia kama utaunganisha ndege au utakwenda moja kwa moja. Ndege ya safari ndefu huchoma mafuta mengi kwa ajili ya kubeba mafuta. A350 maalumu inayofanya safari ya New York hubeba hadi lita 165,000, dhidi ya 141,000 za toleo la kawaida la wakati huo, na ina viti 161 tu, hakuna daraja la kawaida kabisa. Kuunganisha, kinyume na wengi wanavyodhani, si lazima kurefushe njia sana. Sydney hadi London ni kama kilomita 17,000. Ukipitia Singapore ni kama 17,200. Nyongeza ni ndogo kwa sababu Singapore iko karibu na kamba yetu ya duara kuu. Kinachorefusha safari ni kutua, kusubiri na kupaa upya. Qantas ilipojaribu London hadi Sydney bila kutua Novemba 2019, ikiwa na watu wachache ndani, ilitumia saa 19 na dakika 19.

Saa za wapi?

Ratiba zote huandika kuondoka kwa saa za mahali unapoondokea na kufika kwa saa za mahali unapofikia. Kutoa moja kwa nyingine ni kama kutoa kilo kwenye lita. Kwanza zigeuze zote ziwe UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, ambayo marubani wenyewe huitumia. Singapore iko saa 8 mbele ya UTC. New York mwezi wa Julai iko saa 4 nyuma. Kuondoka 12:00 ya Singapore ni 04:00 UTC. Kufika 18:40 ya New York ni 22:40 UTC. Tofauti: saa 18 na dakika 40. Januari New York huwa nyuma saa 5, kwa hiyo safari ile ile ingefika 17:40. Na kwa kuwa Marekani na Ulaya hazibadilishi saa siku moja, kuna majuma machache ya Machi, na moja la mwisho wa Oktoba, ambapo London na New York hutofautiana kwa saa nne badala ya tano. Tazama tarehe, usitegemee kumbukumbu.

Msomaji wa Kiswahili ana hatua moja zaidi, nayo ina mtego. Tiketi ikisema 00:30, Jumapili, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Yaani Jumamosi jioni ndipo unapotakiwa uwe umekwisha funga mizigo. Wapo waliofika kiwanjani Jumapili usiku wakiwa na tiketi mkononi, wametulia, wakakuta ndege yao iliondoka karibu siku nzima iliyopita.

Kwa upande mwingine saa zetu zina raha yake. Ondoka Tokyo Jumamosi saa tatu usiku kwenda Honolulu. Ukitumia saa saba angani, utatua Jumamosi hiyo hiyo, saa tatu asubuhi. Tokyo iko saa 19 mbele ya Honolulu, na ukivuka mstari wa tarehe unarudishiwa siku.

Siku hiyo hudaiwa mahali pengine. Turudi kwenye safari yetu, sasa kutoka New York Jumamosi saa nne na nusu usiku, mwezi ule ule wa Julai, muda wa saa 18 na nusu. Utatua Changi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Jumapili utakuwa umeipitisha yote kwenye kiti. Saa yako ya mishale, uliyoivaa New York na hukuigusa, itaonyesha sawasawa na saa ya ukutani hapo kiwanjani, kwa kuwa tofauti ni saa 12 kamili. Kilichobaki kurekebishwa ni jina la siku.